Marumaru juu ya polishi

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Niliondoka Kibondo sina viatu, na katika miaka ya sabini nilikuwa na duka, lori na nyumba ya bati mjini Kasulu. Shule niliishia darasa la tatu, lakini marumaru za sebuleni nilizipanga kwa mikono yangu mwenyewe, wiki moja kabla ya wakwe kuja kutaja mahari ya binti yangu. Nilikusudia kudai shilingi elfu mbili. Mwenye sakafu kama ile, nani angembishia?

Wakaja kutoka Kitahana na mtungi wa pombe ya ndizi. Akina mama waliingia wakicheza, wakikanyaga kwa kishindo kama tunavyocheza sisi Waha. Marumaru ya kwanza ikabanduka, ikafuata ya pili. Shangazi wa kijana akaokota moja, akaiweka mezani mbele yangu.

"Mkwe, kumbe tunakanyaga sahani! Sasa utatupakulia wapi?"

Walicheka mpaka pombe ikamwagika. Hata binti yangu nilimsikia anacheka chumbani.

Niliigeuza ile marumaru. Saruji ya mgongoni mwake ilikuwa laini kama kioo, inanuka polishi. Chini kulikuwa na sakafu yangu ya zamani, ile nyekundu, ambayo mke wangu aliing'arisha kila Jumamosi. Ilinipa sifa mtaani, nikaona uchungu kuichonga kwa patasi ili saruji mpya ishike.

Sikuweza kuinua uso. Mshenga wao akataja mia nane, nikaitikia upesi ili waondoke. Ukiacha bei ya marumaru zenyewe, sakafu ile ilinigharimu shilingi elfu moja na mia mbili.