Mlango wa Nyuma wa Grosari

Katika maisha yangu nimewadharau watu wengi, na wengi wao walistahili. Mmoja alikuwa mwenye grosari ya jirani pale Mwika, kijana niliyemfundisha darasa la nne nikamtabiria mbele ya wenzake kwamba hatafika popote. Kweli hakufika mbali. Alivuka barabara tu, akasimamisha kibanda cha mabati mkabala na kihamba changu cha migomba, akaanza kuuza mbege yetu ya ndizi, bia na soda. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu. Kila aliyeshindwa shule alikuwa mfanyabiashara, na sisi tuliofaulu tulikuwa tunangoja mshahara.

Ikatokea kwamba mwili wangu ukahitaji friji, na friji la karibu lilikuwa la kwake. Nilikuwa nimekonda, nakunywa maji kama ng'ombe wa zizini wakati wa kiangazi, mpaka hospitalini mjini Moshi wakaniambia nina kisukari na nitajidunga sindano ya insulini kila asubuhi, maisha yangu yote. Dawa ikae kwenye baridi, wakasema. Walivyosema, ungedhani kila mwalimu wa shule ya msingi ana friji jikoni.

Ningeweza kuwaambia watu. Sikuwaambia. Nilikuwa mjane, na miaka ile mjane akikonda watu walikuwa na ugonjwa mmoja tu wa kumpa, ule usiotajwa kwa sauti. Mjane aliyekonda, tena ana mabomba ya sindano kabatini! Wangeacha kula mtori wangu, na wazazi wangewahamisha watoto darasani kwangu. Niliogopa, sina neno jingine la kuliita jambo hilo.

Kwa hiyo nikaenda kwa yule mbumbumbu wangu wa darasa la nne, nikampa masharti kama nampa kazi ya nyumbani. Chupa za dawa zikae chini kabisa katika friji lake la mafuta ya taa, mbali na barafu. Asimwambie mtu, hata mke wake. Na kwa kuwa nesi alikuwa amesisitiza kwamba lazima awepo mtu mmoja anayejua, nikamweleza kwamba siku akiniona natetemeka, natoka jasho na kuongea ovyo, ajue sukari yangu imeshuka, anipe kitu kitamu upesi. Nikamfanya arudie mara tatu. Alirudia akiwa amesimama wima, mikono nyuma.

Basi kila asubuhi kabla ya kengele ya shule nikawa naingia kwa mlango wa nyuma, najidunga stoo katikati ya makreti. Yeye alinipa shikamoo, kikombe cha chai isiyo na sukari na ndizi ya kuchoma, maana sindano ile haitaki tumbo tupu. Nilikula bila kusema asante. Sikuwa na mazoea ya kumshukuru mtu niliyempa sifuri ya hesabu.

Kwetu migomba ni mingi lakini haifichi kitu. Watu wakaniona mimi, mwimbaji wa sauti ya kwanza wa kwaya ya kanisa, naingia kwenye pombe jua halijapanda. Mara mbili sukari ilinishuka njiani, nikayumba, nikashikilia ua wa masale wa mzee mmoja wa kanisa, nikamwambia maneno ambayo siyakumbuki. Yeye aliyakumbuka yote.

Akaja nyumbani na wenzake wawili. Alivaa koti la mtumba lenye manyoya shingoni, lililoshonewa baridi ya nchi nyingine, na aliomba kwanza kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama ni pombe au ni yule kijana. Alinipa nafasi ya kuchagua dhambi kama mtu anayechagua nyama buchani. Walikuwa wameshamhoji kijana mwenyewe, naye akajibu tu kwamba mwalimu huja kufuata mambo yake. Mke wake alikuwa ameshafunga nguo zake siku moja arudi kwao Marangu, na hata siku hiyo kijana hakusema. Niliposikia hayo nikaona ni ule ule ujinga wake.

Nikachagua pombe. Ilikuwa nafuu. Wakanitenga na Meza ya Bwana, wakapanga Jumapili ya kusimama mbele ya usharika nitubu, ndipo nirudishwe kundini. Mimi ambaye sijawahi kuonja hata povu la mbege.

Jumapili hiyo nilijidunga kama kawaida, lakini chai sikuigusa. Nilitaka tu kwenda kuimaliza aibu ile. Kijana alinisogezea ndizi mara mbili, nikamwambia aniondokee. Ibada ikawa ndefu, kwaya tatu na mhubiri mgeni aliyeipenda mno sauti yake. Nilipoitwa mbele mikono ilikuwa inacheza na gauni limelowa jasho. Nikafungua kinywa kutubu, nikajisikia naufundisha usharika tebo ya saba. Nilifika saba mara sita, nikaanguka.

"Hata leo," mzee wa koti akasema, na kanisa zima likasikia. "Hata leo amekunywa."

Kijana wa grosari hakuwahi kuingia mle tangu kipaimara. Alikuwa amesimama nje dirishani na chupa ya soda ndani ya koti, kwa sababu aliona nimeondoka bila kula. Akapita katikati ya kanisa, akang'oa kizibo kwa meno mbele ya altare, akanishika kichwa aninyweshe. Mzee akamkamata mkono.

"Akitetemeka, akitoka jasho, akiongea ovyo, apewe kitu kitamu upesi," kijana akasema, akiwa amesimama wima. "Mwalimu ndiye aliyenifundisha."

Akajichomoa, akaninywesha. Hata pale hakuutaja ugonjwa. Niliutaja mimi, nikiwa nimekaa sakafuni, soda imenimwagikia kifuani, akili zimeanza kurudi. Nilisema kisukari kwa sauti ya darasani, wakasikia mpaka waliosimama nje. Kisha nikalia, na sikujali nani ananiona.

Kesho yake wazee watatu wakaja kuniomba radhi. Kwetu mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu, na zawadi ya kumwona mgonjwa inajulikana tangu zamani. Kila mmoja alileta kilo ya sukari. Nilizitazama zile pakiti tatu mezani, nikawatazama na wenyewe. Mwenye sifuri ya hesabu alikuwa ameshika somo langu moja kwa miezi minane, na mimi sikuwa nimeshika hata asante.

Jioni nikaibeba sukari yote, nikavuka barabara. Sikwenda mlango wa nyuma. Nilikaa benchi la mbele, barabara nzima inaniona, nikampa pakiti zile na nikamwomba anisamehe, kwa yale ya jana na kwa yale ya darasa la nne.

Aliendelea kupanga chupa. "Shikamoo, mwalimu," akasema. "Lakini ungepita ndani. Ukikaa hapo, wateja wangu watadhani nimeokoka."

Nikakaa hapo hapo. Mke wake akatoka na kikombe cha chai, akakiweka mbele yangu. Nikaonja. Hakuwa ametia sukari.