Uji wa Dorina

Tulikuwa wanne nyumbani: mama yangu Risper, mgonjwa; Dorina, mke mwenzake; dada yangu Achieng; na mimi. Juzi hapa mtaani Migosi nilimwona jirani akionja uji wa mgonjwa, nikaikumbuka alasiri ile ya utoto wangu.

Nyumba ilinuka samaki wa mama wa kuuza, waliokaangwa jana yake. Wasingefika sokoni Otonglo siku hiyo, wangeharibika. Dorina alimletea mama uji wa wimbi, akanywa kwanza. Nikafikiri ni mroho.

"Onja na wa chini," mama akasema.

"Mama Achieng, nitaumaliza wote," Dorina akajibu, akakoroga, akanywa tena.

Sikujua alikuwa anaonyesha kwamba uji hauna sumu. Mama aliangalia koo la Dorina mpaka akameza, ndipo akampa beseni la samaki akamuuzie.

Uji wenyewe mama hakuugusa; alikuwa akipima tu kama amwamini Dorina na samaki wake. Wewe uliyemjua Dorina, kama nimekosea nisahihishe.