Sanamu Niliyoiwekea Kichwa

Waoga wa kivuli chao waniite mwongo, sijali. Mimi nina diploma ya elektroniki niliyoisomea Bangkok kwa jasho langu, sina muda wa kutunga vitisho vya watoto. Haya yalinipata Durban, mchana kweupe, mwaka uliofuata Kombe la Dunia.

Nilipomaliza masomo, kabla sijarudi Durban, nilitembelea magofu ya hekalu la kale la wafalme, karibu na Bangkok. Watu wanayasifu! Nilikuta nini? Matofali yanayomomonyoka na sanamu za Buddha zilizokatwa vichwa. Mlinzi alitukataza watalii kusimama nyuma ya sanamu hizo na kuweka vichwa vyetu juu ya shingo zile. Nilimcheka. Jiwe linajua nini? Nikaweka changu, nikapigwa picha, nikamtumia mama Bukavu. Hatujaonana tangu vita. Picha zangu ndizo humhakikishia kwamba mimi ni mzima.

Mwezi haukuisha. Nilikuwa peke yangu dukani kwangu mtaa wa Overport, Durban, natengeneza simu, akaingia mtu aliyejifunika uso kwa kofia ya sweta. Miguu peku. Nikamdharau papo hapo.

"Iko simu ya kutengeneza, papa?"

"Hapana. Nimefuata kile uliniwekea."

"Eish! Mimi sikukuwekea kitu. Wenye kuomba wanaenda kanisani."

Akafunua kofia. Niamini: ulikuwa uso wangu, na kovu langu la kidevuni, macho yamefumba nusu kama ya jiwe.

"Aksanti, kaka," akasema. Nikapepesa macho, hayupo. Pale aliposimama palibaki vumbi jekundu la tofali.

Jioni mama akapiga, analia. "Mwanangu, kwa ile picha ulinitumia, kichwa iko wapi sasa? Wamekuua?"

Tangu siku hiyo kila picha yangu huishia kwenye kola. Simu mpya, kamera ya studio, ni yale yale. Pasipoti yangu imeisha muda; bila picha ya uso sipati mpya, bila pasipoti siendi Bukavu. Sauti yangu haimtoshi mama. Alishaniwekea matanga; nikimpigia, hunijibu kwa upole, kama mtu anayemtuliza marehemu asisumbue nyumba.

Nanyi mnaojipiga picha kila penye katazo, chekeni, mimi pia nilicheka. Ila kwanza nendeni kwa mama zenu, wawapapase nyuso wazikariri kwa vidole.