Dirisha la Baba

Baba alipopata kiharusi, alinyamaza kabisa. Mimi ni fundi wa madirisha ya alumini Soweto, mjini Moshi, kwa hiyo nilipanda mlimani hadi nyumbani kwake Mwika kumwekea dirisha karibu na kitanda, aone migomba yake. Akagusa fremu, akaniangalia kama anayeuliza.

"Hii tunaiita profaili, Baba," nikamwambia. "Alumini hupashwa moto mpaka ilainike, halafu husukumwa kwenye tundu la chuma, ikatoka ndefu yenye umbo la tundu lile."

Akafikiri kidogo.

"Tambi," akasema.

Mama alikuja mbio kutoka jikoni. Nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka.

"Ndiyo, Baba! Kama mashine ya tambi."

Maneno mengine yalirudi polepole, mengi yakiwa ya Kichagga.