Tessier Aitwaye Lavigne

Mtoto wa pili wa Fernande Tessier alifariki Januari 1966, akiwa na miezi mitano. Ardhi ilikuwa imeganda, haichimbiki, kwa hiyo jeneza lake likawekwa kwenye kibanda cha mawe nyuma ya makaburi, lingoje theluji iyeyuke. Mtoto alikufa kama alivyokufa kaka yake, mzaliwa wa kwanza: tumbo kuvimba, macho kuwa ya manjano, na ile harufu ya kabichi iliyochemshwa, ambayo hakuna sabuni iliyoweza kuitoa kwenye nepi. Daktari alisema ini limeharibika. Sababu hakuijua.

Mama mkwe wake, Eudoxie Lavigne, alidai kuijua. Waombolezaji walikuwa bado wanakunywa supu ya njegere aliporopoka:

"Mimi nimezaa kumi na mmoja, wote wazima. Nyumba ya Lavigne haina uchafu huu. Damu mbovu imetoka kwa akina Tessier."

"Mama, basi," Odilon, mume wa Fernande, alisema.

"Basi nini? Nimesema uongo?"

Fernande alikusanya mabakuli. Lakini maneno yale yalimkaa moyoni kama mwiba, na juma lililofuata akabisha hodi kwa paroko, Padri Thibeault.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Wafu wa kwetu, Padri. Waliokufa wachanga. Kama kosa ni letu, nilijue."

Kwaresima nzima alishinda kwenye vitabu vya ubatizo na maziko. Aliwapata wachanga wengi, lakini alipofika kwa babu yake, Zéphirin, njia ikakatika. Mzee huyo alikuja huku ziwani peke yake akiwa kijana, na hakuwahi kutaja nduguze. Padri akaandika barua kwa parokia ya zamani ya mzee huyo, kule mtoni alikozaliwa.

Jibu lilikuja Aprili. Padri alilisoma kimoyomoyo, akavua miwani.

"Babu yako alibatizwa Zéphirin Tessier aitwaye Lavigne."

"Aitwaye Lavigne?"

"Askari wa zamani walipewa jina la pili jeshini. Watoto wao wakabeba yote mawili, wajukuu wakachagua. Na barua inasema alikuwa na kaka, baba mmoja, mama mmoja. Damase."

Damase Lavigne. Ndiye aliyefyeka msitu wa shamba analoishi Fernande. Babu yake Odilon.

"Tumbo moja," Fernande alisema. "Na wewe ndiye uliyetufungisha ndoa."

"Ningejua, ningeomba kwa askofu ruhusa ya ndugu kuoana."

"Ruhusa! Ruhusa ingeponya ini la mtoto, Padri?"

Fernande aliichukua barua mpaka nyumbani, akaiweka mbele ya Eudoxie aliyekuwa akimenya viazi. Kikongwe aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Baba mkwe wangu, Damase, alikuwa na ndugu aliyekosana naye," alisema hatimaye. "Alikataza jina lake lisitajwe mezani petu. Sikujua kama alijiita Tessier."

"Kwa hiyo ile damu mbovu ni ya nani, Mama?"

Eudoxie alichukua kiazi kingine. Hakuomba radhi siku ile wala siku nyingine, ila tangu hapo hakulitamka tena jina la Tessier.

Odilon alipoambiwa, alikaa ukingoni mwa kitanda akiitazama mikono yake. Fernande alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Mtoto alipozaliwa, baba yake alikuwa ameshakwenda kwenye kambi za wakata magogo, na kila alipopata likizo alilala jikoni, mbali na kitanda cha Fernande.

Walimpa mtoto jina la Ghislaine. Kila asubuhi, kabla hajawasha jiko, Fernande aliinama juu ya kitanda chake, akamnusa utosi, shingo, kisha nepi. Harufu ya maziwa tu. Hata hivyo hakuiamini. Aliendelea kumnusa mwaka wa kwanza na wa pili, hadi mtoto akajua kuusukuma uso wa mama yake kwa viganja vyote viwili.