Mikate Iliyonuka Petroli

Wenzangu wakisimulia utoto wao hutaja harufu ya udongo baada ya mvua, au ya kahawa ikichanua kwenye miteremko ya Meru. Wasimulie tu. Harufu ya utoto wangu ni mkate wa moto uliochanganyika na petroli, na sioni sababu ya kuionea haya. Nilikuwa na miaka kumi, tukikaa Ngarenaro, miaka ile ya ruksa ambapo bidhaa zilirudi madukani na magari ya mtumba yakaanza kupanda kutoka bandarini, mengine bado yana maandishi ya Kijapani milangoni. Mama alinunua moja, jeupe, lenye nafasi ndefu nyuma ya viti, kwa fedha yake mwenyewe ya kuoka mikate. Baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo kaka yake, Baba Mkubwa, ndiye aliyekwenda Dar es Salaam kulitoa bandarini. Alirudi nalo salama, ila kadi ya gari ilikuwa na jina lake. Mama alipouliza, akaambiwa kwamba hivyo ndivyo mambo yanavyokuwa mepesi.

Kila Jumatatu asubuhi tulipakia mikate nyuma ya gari lile na kuipeleka kwenye jiko la chuo kimoja upande wa Makumira. Haikupita miezi miwili petroli ikaanza kunuka humo ndani, na mkate wa moto ukishakaa na harufu hauiachii tena. Mpishi mkuu aliuvunja mmoja mbele yetu, akaunusa, akaurudisha kwenye kreti. Alisema kwa upole kabisa kwamba anatupa wiki mbili, na ikiwa bado hivyo, atatafuta mwokaji mwingine. Shuleni sweta langu lilinuka hadi wakaniita Lita Tano. Jumapili, baada ya ibada, Baba Mkubwa alikuja na suti yake, akapokea shikamoo zetu, akasema alilokuwa amelikalia muda mrefu: "Mama Neema, gari si sufuria. Chuo kikikuacha, hii kitu naiuza. Kadi ninayo." Mama alimmiminia chai. "Kunywa, shemeji, inapoa," alisema. Mimi nilimchukia Baba Mkubwa siku ile kwa moyo wangu wote, na sijajuta.

Si kwamba mama alikuwa amekaa tu. Mara tatu alilipeleka gari kwa Fundi Rajabu, mtaa wa pili, na mara tatu fundi alifungua boneti, akasafisha kabureta, akanusa huku na huku, akasema hakuna harufu yoyote. "Mama, ni pua zako tu," alimwambia mara ya tatu, na gereji nzima ikacheka. Kilichotuuma ni kwamba pale gereji gari kweli halikunuka. Kosa lilikuwa letu, na karibu kila mwenye gari mtaani alilifanya: hakuna aliyempelekea fundi gari lenye mafuta. Tulijua kwamba gereji hapakosi mpira mwembamba na dumu, na kwamba gari likilala huko linaamka tangi likiwa tupu. Mama, kwa ujanja wake wote, alihakikisha mshale wa mafuta umegusa chini kabla ya kulipeleka.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tumeshajaza tangi kwa safari ya Jumatatu, na gari likanuka vibaya kuliko siku zote. Mama alikata mkate uliotoka jikoni muda ule, akaweka kipande kimoja juu ya dashibodi, kimoja chini ya kiti chake, kimoja nyuma kushoto na kimoja nyuma kulia. Akafunga vioo, akaliacha gari juani. Baada ya saa moja aliniita ninuse mimi, kwa sababu pua zake, alisema, zilikuwa zimeshasingiziwa vya kutosha. Cha dashibodi kilinuka mkate. Cha nyuma kulia, upande ule ule wa mdomo wa tangi, kilinipiga hadi machozi yakanitoka. Mama alitazama mshale uliokuwa juu kabisa, kisha akapiga makofi. "Mae! Kumbe tunalipeleka kwa daktari likiwa limepona!"

Saa hiyo hiyo tulikwenda gereji na tangi lililojaa, na mama alibeba kigoda cha jikoni. Alikiweka kando ya gurudumu la nyuma, akakaa, akapanga vizuri kanga yake. Fundi Rajabu alimwambia aende nyumbani, ataitwa. "Nimeshakaa, fundi. Fungua nyuma, kulia," alijibu. Fundi alibandua ubao wa pembeni huku akinung'unika, na nyuma yake ukaonekana mpira unaoteremsha mafuta kutoka mdomoni hadi kwenye tangi, umepasuka kwa juu, umelowa. Tangi likijaa, mafuta yaliufikia ufa ule na kuvuja. Hakuna aliyecheka. Alifunga mpira mpya na kubana klipu, na mama hakuinuka mpaka fundi alipoosha mikono.

Jumatatu mpishi mkuu alivunja mkate, akaunusa, akaula wote akiwa amesimama. Tuliporudi tulipitia kwa Baba Mkubwa. "Shemeji, nimekuletea mkate," mama alisema, "na nimefuata kadi." Baba Mkubwa alipokea mkate. Kadi ilikuwa bado na shughuli, alisema. Basi kila Jumapili baada ya ibada mama alikwenda sebuleni kwake na kigoda chake, ingawa viti vilikuwepo tele, akakaa mbele ya wageni wake wote, hadi Baba Mkubwa alipotia sahihi kadi iandikwe jina la mama.

Mama amezeeka sasa, na gari lile liliisha zamani. Mwezi uliopita langu lilianza kunuka. Fundi kijana alichomeka kompyuta yake, ikasoma, akaniambia kwa tabasamu kwamba hakuna tatizo, mama, labda ni hisia zako. Sikubishana na kompyuta. Nilikwenda kujaza tangi hadi juu, nikarudi, nikamwomba kigoda.