Makohozi Mazuri kwa Wageni

Nilimwonea wivu, sina haja ya kuupamba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja kwenye hadubini ya hospitali yetu Njombe. Yeye, binti wa maabara ya Makambako, alikuwa na miwili tu, na kila akija kuchukua dawa za kupaka rangi slaidi aliniamkia "shikamoo dada" kwa adabu iliyonikera.

Zilikuwa zama za ruksa, biashara imefunguliwa, kila kona duka la dawa. Wagonjwa wa kifua kikuu walijinunulia vidonge vya siku tatu, wakipata nafuu wanaacha. Ndipo wakaja wataalamu kutoka nje. Walisema bakteria wanabadilika, na kwao wana mashine za kusoma vinasaba vyao, herufi kwa herufi, waone wamebadilikaje. Tuwatumie makohozi. Atakayewafaa zaidi ataenda kusomea kazi hiyo kwao. Nafasi moja.

Niliitaka nafasi ile mpaka usingizi ukanipaa. Sasa, kwetu Ubena mgeni hapewi maharage yaliyobunguliwa. Nikachagua makohozi mazuri: mazito, ya wagonjwa wapya, bakteria wamejaa tele. Wale waliomeza dawa miezi na miezi bila kupona niliwaficha. Walikuwa aibu yangu, na wageni waone aibu yangu kwa nini? Kizuri chajiuza, nikajiambia.

Yule binti alipeleka aibu zake zote. Kumbe ndizo zilizotakiwa: bakteria waliokwisha kuizoea dawa. Akachaguliwa yeye. Niliposikia nilifua koti langu la maabara mara mbili, machozi yakidondokea kwenye beseni.

Wiki ya kuondoka akaja na kisanduku chake cha barafu.

"Dada, nimewaomba wakuongeze na wewe. Wamekubali, ila wanataka kopo moja la mgonjwa wako asiyesikia dawa. Unaye?"

Yaani niende Ulaya kwa hisani ya mtoto yule.

"Wangu wote wamepona," nikasema.

Kwenye benchi nje ya dirisha, fundi mbao niliyekuwa nampima mwaka wa pili sasa akaanza kukohoa, akakohoa weee. Binti alimtazama, akanitazama mimi, akasubiri. Nikainamia hadubini, wala hapakuwa na slaidi chini yake.

Akafunga kisanduku.

"Haya dada," akasema. "Hongera."